Mauaji bustanini: namna ya kwenda usaili wa maigizo na kusikika hadi kiti cha mwisho

Mwaka wa kwanza kwenye kikundi chetu cha maigizo nilipewa nafasi ya maiti. Nalisema mapema ili ujue unashauriwa na nani. Dakika 18 kila jioni, jioni 5 mfululizo, nililala kwenye majani ya bustani ya watu, mkono mmoja juu ya kikapu cha nyanya, sisimizi wakipanda na kushuka shingoni kama wamechelewa kazini. Mwaka uliofuata nikapewa mpishi. Baada ya mpishi, mjane tajiri mwenye mbwa. Mwaka huu sikuomba nafasi. Nilikaa mezani kwa mwongozaji, nagawa karatasi na kuandika anachoniambia, na hapo ndipo nilipoona makosa yangu ya zamani yakiingia mlangoni moja baada ya jingine, yamevaliwa na watu wengine.

Mimi mtu wa Tanga. Niko Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, huu mwaka wa tisa, kazi yangu kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Kikundi chetu cha maigizo ni cha ridhaa, hakuna anayelipwa: fundi bomba, mwalimu mstaafu, karani, muuza maua, mimi. Kila kiangazi, mwezi wa Julai, tunamuua mtu katika bustani ya nyumba kubwa ya kale. Watazamaji wanakuja na viti vya kukunja, mablanketi na vikapu vya chakula. Mtu anakufa kabla ya mapumziko, kila aliyebaki anashukiwa, na giza likianza kuingia muuaji anajulikana. Waingereza wanaupenda mchezo huu kupita kiasi. Watu wapole, hawaruki foleni hata nyumba ikiungua, lakini waonyeshe maiti kwenye kiti cha maktaba uone wanavyochangamka. Huku kwetu wana na kisingizio: Agatha Christie, mwandishi wa hadithi za mauaji, alizaliwa Torquay, mji wa huku Devon, mwaka 1890, na mambo ya sumu alijifunza hukohuko, akifanya kazi kwenye chumba cha dawa cha hospitali wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Kila mwaka Waswahili wawili watatu wananiuliza, "Dada, na sisi tunaruhusiwa?" Mnaruhusiwa. Tatizo ni namna mnavyokuja.

Kuwapata, na kuijua saa

Watu wa igizo la Julai husailiwa mapema, mara nyingi Machi au Aprili, kwa hiyo ukianza kutafuta jua likishawaka umechelewa. Tazama ubao wa matangazo wa maktaba, wa ukumbi wa kanisa, wa duka la mtaani. Vikundi vingi ni wanachama wa NODA, chama cha kitaifa cha maigizo ya ridhaa kilichoanzishwa mwaka 1899, na tovuti yake inakuonyesha vilivyo karibu nawe. Usiogope neno "wanachama". Kwetu unakuja kusailiwa bure, ada ya mwaka unalipa ukishapata nafasi, na wengi wanafanya hivyo.

Tangazo lina siku, mahali, umri wa wahusika na saa. Saa ndiyo iliyoniponza. Mtu aliniambia kwa simu nije "nusu saba", nami kichwani nikaitafsiri kuwa nusu kabla ya saba. Kumbe Mwingereza akisema hivyo anamaanisha saba na nusu, yaani saa moja na nusu jioni yetu. Nikafika saa nzima kabla ya watu. Ukumbi mtupu, mama mmoja wa miaka 70 na kitu anapanga viti peke yake. Nikavua koti nikapanga naye. Tukaweka viti 24, akanipa chai, akaniuliza nimetoka wapi, tukaongea habari za bahari. Nilimdhani mfagiaji. Alikuwa ndiye mwongozaji. Mpaka leo anataka nimwite kwa jina lake tupu, na mpaka leo shikamoo inanigonga meno kabla sijafungua mdomo.

Basi fika mapema, hata kama saa umeielewa.

Fomu

Utapewa karatasi ya kujaza: jina, uzoefu, nafasi unayoitaka, na jedwali la tarehe za mazoezi lenye nafasi ya kuweka alama siku usizoweza kuja. Watu huijaza harakaharaka kama fomu ya uwanja wa ndege. Lakini jedwali hilo linasomwa kuliko sauti yako. Mazoezi ni jioni mbili kwa wiki kwa miezi mitatu, na mwongozaji akishamaliza kusikiliza watu hukaa na kalamu akitafuta nani na nani wanaweza kuwa chumba kimoja Jumanne.

Mimi kwa uoga niliandika kwamba niko huru siku zote. Hiyo ilikuwa kwenye kikundi kingine, cha mji wa jirani, kabla ya hiki. Nikapewa nafasi, kisha zamu za usiku zikaanza kunivuta huku na huku, nikakosa mazoezi manne. Siku ya tano nikakuta mtu mwingine ameshika skripti yangu, na hakuna aliyekuwa amenipigia simu. Walikosea kutoniambia. Mimi nilikosea kwanza. Ukiwa na zamu, leta ratiba ya zamu. Ukiwa na harusi Nairobi mwezi wa Juni, iandike. Siku sita zilizoandikwa hazimtishi mwongozaji, anazipangia.

Andika pia usichokifanya. Mimi huandika kwamba sibusu mtu na kichwa sivui mtandio. Sijawahi kukosa nafasi kwa hilo. Hadithi zetu nyingi ni za miaka ya 1930, na wanawake wa mitindo wa wakati ule walivaa vilemba, kwa hiyo mama wa maleba alifurahi kuliko mimi. Pombe ya jukwaani ni chai baridi au maji ya tufaha. Mwaka mmoja usaili uliangukia Ramadhani na magharibi ikaingia nikiwa nimebakiza watu wawili mbele yangu. Nilikuwa nimewaambia tangu mlangoni, wakanisogeza nyuma, nikafungua kwa tende ukumbini nikarudi nikasoma. Waambie tu.

Kama ni mwanao anayetaka kuigiza, uliza habari ya kibali: mtoto ambaye hajatimiza umri wa kumaliza shule anaweza kuhitaji kibali cha halmashauri pamoja na mlezi maalumu wa nyuma ya jukwaa. Kikundi kizuri kitakuwa kinalijua hilo kabla hujauliza.

Kusoma karatasi

Vikundi vingine hutaka uje na kipande ulichokariri. Kwetu hapana: unapewa ukurasa mmoja au miwili ya skripti, unaangalia dakika 10, unasoma na mwenzako. Wengine wanatuma kurasa siku chache kabla. Zikitumwa, zisome kwa sauti, lakini usizikariri. Mtu aliyekariri hubaki ameganda na ule usomaji wa jikoni kwake, na mbele ya meza hautoki.

Nikuonyeshe mstari mmoja. Mwaka huu tuliutumia kwa wote walioomba kuwa mtunza bustani. Kwa lugha yetu ungekuwa hivi:

"Nilikuwa bandani, namwagilia nyanya. Sikusikia kitu."

Watu 11 waliusoma. Saba walifinya macho, wakashusha sauti, wakaburuza "sikusikia" kama nyoka anapita. Mwongozaji akawa ananong'ona kwangu neno moja tu, "paka", nami naandika paka, paka, paka. Maana yake ni kwamba huyu anaigiza uuaji. Sasa jiulize: muuaji aliyekaa mbele ya polisi anataka nini? Anataka aonekane anazungumzia nyanya. Na asiye muuaji? Naye anazungumzia nyanya. Kwenye igizo la aina hii watu wanane jukwaani lazima wote waweze kuwa wauaji mpaka dakika ya mwisho, na mtu aliyefinya macho ukurasa wa 12 ameshamuharibia mwandishi kazi.

Usiulize "ni mimi niliyeua?" Mara nyingi hawatakwambia siku hiyo. Uliza moyoni: huyu anaficha nini kidogo? Kila mhusika wa hadithi hizi ana kitu cha aibu kisicho mauaji. Mtunza bustani labda alikuwa amelala, amelewa, saa za kazi. Soma hivyo: "Nilikuwa bandani" linatoka sawasawa kwa sababu ni kweli, "namwagilia nyanya" linatoka haraka kidogo kwa sababu ni uongo, kisha anatua, na "sikusikia kitu" linatoka kwa sauti ya chini kwa sababu ni kweli tena na linamuuma, maana angekuwa macho angesikia. Hujafinya jicho hata moja, na mtazamaji ameshainama mbele.

Kijana mmoja, fundi wa matairi, hajawahi kupanda jukwaa maishani, aliusoma kama mtu aliyeudhika kuulizwa. Kwamba nyanya zenyewe zina kiu na nyinyi mnanishikilia hapa. Mwongozaji akaweka kalamu chini. Akamwambia, "Rudia, safari hii unamwogopa huyu mpelelezi." Kijana akarudia, ukawa mstari mwingine kabisa. Alipata nafasi.

Hapo kwenye "rudia" ndipo wengi wanapoangukia. Ukiambiwa urudie kwa namna nyingine, hawajasema ulikosea. Wanataka kuona kama unabadilika, kwa sababu watakuwa na wewe miezi mitatu. Ukirudia vilevile kwa sauti kubwa zaidi, umewajibu. Badilisha, hata ukibadilisha vibaya.

Jambo la mkono: shika karatasi usawa wa kifua, kidole gumba kwenye mstari wako. Teremsha macho, okota maneno matano sita, inua uso, yaseme kwa mwenzako. Ukimya unaopita katikati hapo hauudhi mtu. Na mwenzako akisoma, msikilize kwa uso. Mshukiwa anapotazamwa zaidi ni pale anapotajwa na mtu mwingine, nami nimeona watu wakitajwa jina lao kuhusiana na kisu na bado wako chini wanatafuta mstari wao unaofuata.

Nje si ukumbini

Baada ya kusoma ndani, mwongozaji wetu huwatoa watu nje, baridi ya Aprili iwe baridi. Anakwenda kusimama chini ya mwaloni, hatua 40 hivi, mgongo ametugeuzia. "Niambie nani amekufa," anasema. Asiposikia hageuki.

Ukumbini kuta zinakurudishia sauti. Nje haina pa kugonga, inakwenda na kupotea. Mzee wetu wa mitambo aliniambia kwamba mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti inapungua desibeli 6, kipimo chao cha sauti, na akachora kwenye mchanga miduara inayopanuka. Mimi nilimjibu kwamba mjomba wangu aliyajua hayo bila desibeli. Alikuwa dalali wa samaki pale Deep Sea, Tanga, ananadi changu na nguru asubuhi, boti zinanguruma, kunguru wanagombana, na hakupaza sauti hata siku moja. Alikuwa anafanya mambo mawili. La kwanza, alisimama upepo ukiwa mgongoni mwake ili umbebee maneno kwenda kwa wanunuzi. La pili, alimnadia mtu wa mwisho kabisa kwenye kundi, na wa mbele wakapata bure.

Fanya hayohayo. Ukitoka nje, kabla ya kufungua mdomo, jua upepo unatoka wapi. Mara nyingi utapangiwa pa kusimama, lakini uso wako ni wako, geuka robo. Chagua kiti cha nyuma kabisa, kiwekee mtu wa kufikirika, msimulie yeye. Pumzi itoke tumboni. Ukisikia koo linakwaruza ujue unapiga kelele, na mpiga kelele nje husikika kuwa amekasirika na maneno yake hayasikiki.

Halafu kuna jambo letu sisi wenyewe. Kiswahili hakiachi neno bila irabu mwishoni, na irabu husafiri vizuri, ndiyo maana mama anaweza kukuita toka ng'ambo ya mtaa. Kiingereza kinafungia maneno kwenye konsonanti, na konsonanti ndizo zinazokufa kwanza kwenye upepo. Sisi ama tunazimeza ama tunazivalisha irabu ndogo ya mwisho. Ukimeza, hadhira inasikia neno nusu. Ukizivalisha, inasikia neno la ziada. Zoezi lililonisaidia: siku mbili kabla, msomee mtu kurasa zako kwa kunong'ona, akiwa hatua 10 mbali. Akielewa kila neno, konsonanti zako ziko hai. Mimi nilimnong'oneza mzee mmoja kazini mwenye kifaa cha kusikia. Hakuna msaili mkali kama yule.

Na usiache sentensi ishuke mwishoni. Kwenye hadithi za mauaji, neno zito hukaa mwisho: saa, jina, sumu. Watu wanaanza kwa nguvu, "Niliona mtu akitoka chumbani kwa…" kisha jina linaanguka majanini na shakwe analifunika. Devon shakwe hawana adabu. Akianza kulia, tua, mwache amalize, endelea. Ukifanya hivyo kwenye usaili wameshakupenda.

Mwanga nao. Katikati ya Julai huku jua linazama baada ya saa tatu usiku, na sisi tunaanza saa moja na nusu. Kwa hiyo nusu ya kwanza yote, pamoja na ile inayoitwa "usiku wa manane" kwenye skripti, inachezwa jua kali likikuchoma machoni. Unaweza kupewa tochi ukaambiwa tembea gizani, na ni saa ya mchana. Usipapase hewa kama mchawi. Punguza mwendo, tanguliza mguu ukiuliza ardhi, na usimtazame mtu aliyesimama mbele yako mpaka mwanga wa tochi umfikie. Pazia hakuna, na taa za kukuficha hakuna. Unaonekana tangu unapotokea nyuma ya ua wa miti.

Vaa viatu bapa. Visigino vyembamba vinazama kwenye majani, na mwaka mmoja dada mmoja aliondoka akaacha kiatu kimesimama.

Kiti cha moto

Maigizo mengi ya aina hii yana sehemu ambapo watazamaji wanazunguka wakati wa mapumziko na kuwahoji washukiwa, kisha wanaandika kwenye karatasi nani ameua. Kwa hiyo usaili unaweza kuwa na zoezi la kukukalisha katikati, wenzako wakakuuliza maswali nawe unajibu kama mhusika. Wenyewe wanaliita kiti cha moto. Watu wa Dar, ambao kitimoto kwenu ni nyama ya nguruwe, mliokwisha kucheka, endeleeni, mimi nilicheka peke yangu ukumbi mzima na sikuweza kueleza.

Kanuni yake ni ndogo: usiongeze mtu, usiongeze silaha, usiongeze safari. Ukisema una kaka London, umemzalia mwandishi mshukiwa mpya, na jioni hiyo watazamaji 30 watamtuhumu kaka ambaye hayupo. Jibu kwa yaliyo kwenye karatasi. Yasiyokuwepo, jibu kwa hisia au kwa swali. Hapa mtu wa Pwani ana urithi. Kwetu ukimuuliza mtu anakwenda wapi atakwambia "hapa mbele", na ukimuuliza ametoka wapi atakwambia "kwani vipi?" Huo ndio ushuhuda kamili wa mshukiwa. Isipokuwa usijibu swali kwa swali mara tatu mfululizo, wanachoka.

Nilipokuwa mpishi, bwana mmoja alinijia na sahani yake ya soseji akaniuliza kwa ukali, sumu niliinunua wapi. Skripti haikusema lolote. Nikamwambia, "Panya wa nyumba hii, bwana, wanakula kuliko wageni." Akaandika kwenye karatasi yake kwa furaha kana kwamba nimekiri. Sikukiri. Sikukana. Sikuongeza kitu ambacho hakikuwa jikoni.

Lafudhi, na nafasi unayotajiwa

Usije na lafudhi ya malkia uliyoiokota kwenye televisheni. Ukiombwa, jaribu. Usipoombwa, soma kwa sauti yako, polepole kidogo kuliko unavyodhani. Lafudhi haimzuii mtu kueleweka, haraka ndiyo inamzuia.

Kuna jambo jingine lisilosemwa. Kwenye kile kikundi cha kwanza nilipewa kurasa za mtumishi, nikasoma, wakanishukuru. Mwaka wa pili mtumishi. Nikadhani ndivyo ilivyo. Kwenye kikundi hiki cha sasa, baada ya kusoma mpishi, mwongozaji akauliza kama kuna mtu anataka kusoma ukurasa mwingine. Ukumbi kimya. Nikainua mkono nikasema naomba nisome na mjane. Hakuna aliyeshangaa, nilinyoosha karatasi nikasoma. Mwaka ule nilipata mpishi vilevile, kwa sababu mjane alipewa aliyestahili, lakini mwaka uliofuata walinikumbuka. Asipouliza, uliza wewe. Kusoma nafasi nyingine ni haki ya kila aliyekuja, na ni rahisi kuliko kulalamika ndani ya basi.

Wakishapiga simu, au wasipopiga

Majibu hutoka ndani ya siku chache, kwa simu kwa waliopata na kwa barua pepe kwa waliokosa, kwa hiyo ukiona barua pepe keti kwanza. Wiki ikipita kimya, uliza mara moja. Ukikosa, usiondoke. Kuna mshika skripti anayenong'oneza waliosahau, kuna mtunza vifaa ambaye kisu na chupa ya sumu viko chini yake, kuna wa viti, wa maegesho, wa chai. Nusu ya wahusika wa mwaka huu walikuwa wa chai mwaka jana.

Ukipata, uliza habari ya mvua. Vikundi vingi vinaendelea kucheza mvua ikinyesha, vinasimama ikiwa hatari tu. Ukitaka kuona watu walivyo wakaidi, nenda Cornwall ukaangalie Minack, jukwaa lililochongwa kwenye mwamba juu ya bahari. Rowena Cade alilianzisha kwenye bustani yake, na igizo la kwanza la mwaka 1932 walilimulika kwa betri na taa za magari. Vikundi vya ridhaa vinaigiza pale kila kiangazi, hadhira imejifunika makoti ya mvua na haiendi popote.

Na wakikupa maiti, pokea. Omba kujua utaanguka wapi, nenda mchana ukakague sisimizi. Vaa fulana ndefu ndani, umande unapanda mapema. Pumua kwa tumbo, koti lililofunguliwa likilifunika, na usianze kupumua kawaida mpaka mpelelezi amekupa mgongo. Lala kifudifudi, uso umeugeuzia ua wa miti. Usilale chali kamwe: jua la saa mbili linakupiga usoni, na maiti anayekaza macho anaonekana mpaka kiti cha mwisho.